Jino la Chuma Siku ya Ndoa

Mjukuu wangu Ngoie,

Mama yako aliniambia jana kwamba daktari wa meno huko Lubumbashi anaweza kuziba pengo lako la mbele kwa jino la kupandwa tayani, lenye mzizi wa chuma au wa kauri nyeupe, nawe unauliza uchague upi. Nakusalimu. Huku Kamina tuko wazima, na shangazi yako amerudi kutoka Mulongo na samaki wa kutosha.

Nilipokuwa mwandishi kijana wa redio, nilianguka na baiskeli njia ya Kabondo-Dianda, jino la mbele likatoka. Fundi wa meno akasema, "Chuma njo ya nguvu, kijana, haivunjikake." Nikakubali, maana nilitaka jino lisilovunjika kamwe.

Siku ya ndoa yangu na nyanya yako, mbele ya mpiga picha, nilifunga mdomo chuma kisionekane. Nyanya yako akanigusa kwa kiwiko: "Weye, cheka basi! Bantu batasema banakuleta kwa nguvu." Sikucheka.

Baadaye nilijua kwamba fundi yule alikuwa na meno ya kauri pia ya kuwawekea watu. Kazi yangu ilikuwa kuuliza watu maswali, lakini hilo sikumuuliza. Jino limedumu kweli. Nyanya yako hayupo tena, na katika picha iliyobaki anacheka peke yake.

Sikuchagulii. Chuma kimejaribiwa miaka mingi zaidi. Kauri haiachi kivuli cha kijivu kwenye ufizi. Daktari ndiye ajuaye mzizi upi unafaa taya lako. Anakungoja Jumatatu asubuhi. Muulize kabla hujaketi kwenye kiti chake.

Babu yako, kambo wako