Kwaresima Bila Njaa

Jumatano, 18 Februari
Misa ya saa kumi na mbili asubuhi. Majivu. Kisha kazini, kliniki ya watoto, chanjo na mizani mpaka saa tisa. Leo ni mlo mmoja tu, ndivyo Kanisa linavyoagiza. Jioni hata huo mmoja sikuona sababu yake. Nimekunywa maji. Njaa sina.

Ijumaa, 20 Februari
Njia ya Msalaba. Nilipiga magoti, nikasimama, nikapiga magoti. Kituo cha nne, Yesu anapokutana na mama yake, wenzangu walilia. Mimi niliangalia feni. Mama yangu ana wiki ya sita kaburini.
Waislamu nao wameanza Ramadhani. Bagamoyo nzima haipiki mchana. Hakuna anayeniuliza kwa nini sili. Inanifaa.

Jumapili, 22 Februari
Jumapili haifungwi. Nimefunga. Nilijiambia namwongezea Mungu.
Bi Zuhura, jirani yangu, kaniletea bakuli la tambi za futari. "Nesi wetu mwaka huu unafunga pamoja na sisi, mashallah." Nikashukuru. Alipoondoka nikazimwaga kwa kuku wake, nyuma ya uzio. Nilipaswa kuona aibu. Sikuona.

Alhamisi, 26 Februari
Sketi ya sare imelegea. Nimeibana kwa pini.
Hili sijamwambia mtu. Mama alikufa kwa kansa ya koo. Nilimuuguza mwenyewe, chumba cha mbele. Siku mbili za mwisho aliomba uji. Nikamwambia, Mama, utakupalia. Aliyejibu ni nesi, si mtoto wake. Aliomba mara tatu. Nikamlowesha midomo kwa pamba. Alikufa na njaa yake.
Uji ungempalia kweli. Najua. Kujua hakusaidii.

Jumanne, 3 Machi
Nimeangusha mtoto. Hapana. Niandike vizuri.
Saa tano asubuhi. Shabani, miezi mitano, mtoto wa Mwanahamisi wa Kaole. Nilikuwa nimemtoa kwenye mzani, namrudisha kwa mama yake. Macho yakaingia giza. Mtoto alikuwa ameshatoka mikononi mwangu Mwanahamisi alipomdaka. Nilimsikia akipiga kelele, "Nesi! Mwanangu! Nesi!" Kisha sakafu.
Nilipozinduka mganga mfawidhi, mkuu wetu wa kliniki, alikuwa ananipima sukari. Akauliza nimekula lini mara ya mwisho. Sikukumbuka siku. Kanipa likizo ya wiki mbili.
Mtoto hana hata mchubuko. Mimi sikutetemeka, sikulia. Nilikaa pale kama kiti. Hilo ndilo linalonitisha.

Ijumaa, 6 Machi
Nimeungama. Nilidhani Padre atasema neno jema kuhusu mfungo, halafu tuje kwenye la mtoto. Akaanza na mfungo.
"Unafunga kwa ajili ya nani?"
"Kwa ajili ya Mungu, Padre."
"Nieleze."
Nikaeleza yote. Uji, pamba, tambi, kuku.
"Anayefunga anaisikia njaa yake, anamtolea Mungu," akasema. "Wewe njaa huna. Unamtolea nini? Unajiadhibu, mwanangu, halafu unaita Kwaresima."
Malipizi: kila siku mpaka Pasaka nile mlo mmoja pamoja na mtu mwingine. Wengine wanaamriwa kufunga, mimi naamriwa kula. Na nimwendee mama wa mtoto.
Nimerudi nyumbani na hasira. Nimeubamiza mlango. Kitu cha kwanza kukihisi tangu mazishi.

Jumapili, 8 Machi
Sijaenda kwa mtu. Sijala.

Jumatatu, 9 Machi
Nimefuturu kwa Bi Zuhura. Nusu chapati. Nikatoka nje nikatapika. Niliporudi nikamwambia ukweli kuhusu tambi zake.
"Kumbe ndiyo maana kuku wamenenepa."
Hakucheka. Akanikatia nusu nyingine, ndogo zaidi. Hiyo ikakaa.

Alhamisi, 12 Machi
Chapati nzima. Kaole, kwa mama wa mtoto, bado sijaenda.

Jumamosi, 14 Machi
Nimekwenda. Nilifika kabla jua halijazama. Nilikuwa nimepanga maneno mengi. Yakatoka machache: "Nisamehe, mama Shabani."
Mwanahamisi alikuwa anapakua mihogo ya nazi. Alimaliza kupakua, akafunika, akafuta mikono kwa kanga.
"Siku ile ulikuwa unaumwa?"
"Nilikuwa sili."
"Kwa nini?"
"Mama yangu amefariki."
"Pole sana, dada."
Adhana ikaadhiniwa. Akala tende moja, akanipa nyingine. Kisha akamchukua mtoto mkekani, akaninyooshea. "Nishikie, nikalete maji ya kunawa."
Nikamwambia angoje nikae chini kwanza. "Kaa basi," akasema, akasubiri. Nikakaa, mgongo ukutani. Akamweka mapajani mwangu, akaingia ndani bila kugeuka nyuma.
Shabani ni mzito. Anavuta vifungo. Nilimshika kwa mikono miwili mpaka mama yake aliporudi.
Nimekula vipande vitatu vya mihogo. Chumvi ilizidi kidogo.