Tabaka Ulilolificha

Mdogo wangu Kalamu,

Sisi wazima, na paa la karakana halivuji tena. Faili lako la maandishi ya jiwe la kaburi la mama limefika, na limenitoa jasho siku tatu. Programu yako na yangu hazipikiki chungu kimoja. Kwako herufi zimejipinda vizuri. Kwangu zimefunguka nene, za pembe pembe, jina la mama likawa kama kibao cha duka la dawa. Mara ngapi nimekwambia uzigeuze herufi ziwe michoro kabla ya kutuma? Kichwa chako ni kile kile.

Sishindwi na herufi kumi na saba. Nazichora upya moja moja, nikifuatisha ile picha uliyonitumia kwenye simu. Zimebaki mbili.

Ila kuna jambo. Kwako, tabaka la mchoro ukilificha linafichika. Programu yangu haijui siri, imefungua kila kitu. Chini ya jina la mama nimekuta umeandika: "Nisamehe, mama, sikuja kukuzika." Nilikuwa nimesimama; nikatafuta kiti.

Fundi wa mashine ameniuliza kama huo mstari nao auchonge. Nimemwambia hapana, maneno hayo yana mwenyewe. Jiwe tunalisimamisha mwisho wa mwezi. Njoo uyaseme kwa mdomo wako.

Nilikununia mwaka mzima. Nimechoka.

Dada yako,
mwenye funguo za nyumba