Mkono Uliosahau Mahameli

Algiers, 9 Novemba 1985

Baba yangu mpenzi,

Nakibusu kichwa chako kabla ya neno lolote. Goti halijambo? Unakula, au unashinda na kahawa tupu? Mimi sijambo, alhamdulillahi. Ukiuona mwandiko huu usidhani nimeandikiwa na mtoto wa chekechea. Nimeandika mwenyewe, kwa mkono wa kushoto.

Hii ni wiki yangu ya tatu katika nyumba hii ya tiba. Iko juu ya kilima, na asubuhi ukungu wa baharini huingia hadi vyumbani, ukawa humwoni mwenzako, unasikia tu kikombe chake. Anayenifundisha ni Bi Nassira, mnene, mcheshi, na vidole vyake vidogo kama vya mwari. Siku ya kwanza alinigongagonga mkono polepole, kutoka kwenye kovu kuelekea vidoleni, akauliza, "Unasikia nini?"

"Sisimizi," nikamwambia. "Wanatembea hadi mashinani mwa vidole, halafu wanapotea."

Akafurahi kama aliyeletewa habari ya harusi. "Basi hapo ndipo mshipa wako wa fahamu ulipofika! Ulikatika, daktari akaushona, sasa unaota upya. Unakwenda milimita moja kwa siku. Uache utembee, usiusukume."

Kwa sasa gumba, kidole cha shahada na cha kati ni kama vya mtu mwingine, nimeshonewa tu. Jana baada ya chakula cha mchana nilipitiwa na usingizi, nikaota nadarizi gandura, vazi la bibi harusi, ya mahameli nyekundu. Uzi wa dhahabu ulikuwa unapita vidoleni kama maji ya uvuguvugu. Niliamka bado nausikia. Kisha nikautazama mkono, ukanyamaza.

Niandikie, hata mistari mitatu.

Binti yako,
Wahiba


Constantine, 22 Novemba 1985

Mwanangu Wahiba,

Salamu zangu zikukute u mzima. Mimi nipo, napumua. Goti linatabiri mvua kuliko redio. Jirani yetu Hadda ananiletea mkate na supu, na juu yake matusi. Jana kasema nyumba hii inanuka upweke wa mwanamume. Nikamwambia pua yake ingefaa istaafu kabla yangu mimi.

Mwandiko wangu unaujua, unapanda mlima. Mtu aliyefua shaba miaka arobaini, kalamu kwake ni nyepesi mno, inamkimbia.

Huku nako ukungu. Umejaa bondeni chini ya daraja, na watu wanavuka kama wanaotembea juu ya maziwa. Nilisimama pale hadi adhana ya alasiri, nikasahau nilikuwa naendea nini. Kazi yako bado iko kwenye fremu, nimeifunika shuka isiingie vumbi.

Tumshukuru Mungu. Upepo uliobamiza mlango siku ile ungeweza kutuletea makubwa kuliko haya. Muhimu upone urudi nyumbani. Ile nafasi ya kufundisha darizi huko Algiers sidhani kama bado wanakuwekea, na pengine ni heri.

Baba yako,
Larbi


Algiers, 5 Desemba 1985

Baba,

Natumai barua hii inakukuta salama, na koti la sufu umelitoa sandukuni.

Juzi nilishika birika la kahawa. Sikujua linaniunguza. Nilisikia harufu, nikageuka kutazama ni nani anayechoma nyama. Bi Nassira alinigombeza huku akinifunga bandeji: "Wewe! Kwa sasa macho yako ndiyo ngozi yako! Ukiacha kutazama, utajipika!"

Tumeanza mazoezi mapya. Ananigusa kwa ncha ya kalamu nikitazama, kisha nikiwa nimefumba macho, kisha nikitazama tena. Anagusa cha shahada, mimi nasikia gumba. Anasema mishipa inarudi lakini imekosea nyumba, barua za huyu zinafikishwa kwa jirani, na akili ndiyo tarishi wa kufundishwa mitaa upya. Saa nzima hivyo. Nikitoka hapo nachoka kama niliyefua mazulia.

Baba, nimekaa na barua yako siku tisa. Hapakuwa na upepo.

Ulimwambia daktari ni upepo, nikanyamaza, kwa sababu wewe ni baba yangu na wauguzi walikuwa wanasikiliza. Ukawaambia majirani, nikanyamaza. Sasa unaniambia hata mimi niliyekuwa nimesimama pale. Sikudai machozi wala fidia. Nakuomba tu usiniandikie upepo.

Wahiba


Algiers, 27 Januari 1986

Baba,

Salamu. Hii ni barua ya tatu tangu nipate jibu lako la mwisho. Hadda amenitumia neno kwamba u mzima, ila ukiulizwa habari zangu unainuka na kwenda kutazama kama bomba limefungwa. Basi sikusemeshi kwa nguvu.

Nakuarifu jambo moja tu. Leo, nikiwa nimefumba macho, nimetofautisha pamba na mchele. Pamba ilikuwa kama kusikia mtu akiita kutoka ng'ambo ya bonde, huyasikii maneno lakini unajua ni mtu. Nilitaka kumwambia mtu wa kwetu.

Binti yako,
Wahiba


Constantine, 3 Machi 1986

Mwanangu,

Sina salamu inayofaa kutangulia haya. Nimeianza barua hii mara nyingi, na jiko la Hadda limekula karatasi zote.

Ilikuwa Juni, saa nane mchana. Joto, hata jani la mzabibu uani halikutikisika. Ulisema, "Baba, wamenikubali, naondoka Septemba." Nikakuuliza, "Na mimi?" Ukasema, "Wewe una Hadda, unao na wenzako wa mkahawani." Ulisema kwa utani, najua. Lakini mama yako alikuwa na mwaka mmoja tu kaburini, na mimi nikausikia utani ule kama koleo la udongo. Nikatoka uani, nikaubamiza mlango wa vioo kwa nguvu zote za mkono huu uliofua shaba. Sikujua umenyoosha mkono kuuzuia, hadi niliposikia kioo kikivunjika. Lakini nilijua uko nyuma yangu. Hilo ndilo ninaloamka nalo kila siku.

Daktari alipouliza, mdomo ukasema upepo kabla sijauamuru. Baadaye nikaupenda upepo ule. Nikaanza kuukumbuka kweli, namna ulivyotoka bondeni, namna ulivyovuma. Mtu akikaa na uongo wake muda mrefu, unamzoea, unakuja kulala miguuni pake.

Wiki iliyopita nilimwendea Hadda nikamwambia. Alikuwa anakanda unga. Hakunitukana, na hapo ndipo nilipoogopa. Akasema, "Nilijua, Bwana Larbi. Siku ile nilikuwa nimeanika mashuka darini. Hakuna hata moja lililocheza." Miezi tisa ananiletea supu, na alikuwa anajua!

Sikuombi unisamehe kwa kuwa mimi ni baba yako. Nakuomba kama ambavyo angekuomba mtu mwingine yeyote aliyekuumiza.

Larbi, baba yako


Constantine, 2 Mei 1986

Wahiba mwanangu,

Natumai u mzima. Miezi miwili hujaandika, na ni haki yako. Siandiki kudai jibu.

Ni msimu wa waridi. Magunia yamejaa sokoni hadi punda wanapiga chafya. Nilisema mwaka huu sichemshi, nitachemsha kwa ajili ya nani? Kisha nikajikuta nimenunua. Nikaketi uani na lile sufuria la shaba nililomfulia mama yako mwaka tuliooana, nikiyangoja maji ya waridi yadondoke tone kwa tone. Mvuke ulijaa uani kote. Nikamwona ameketi kwenye ngazi anachambua petali, nawe pembeni yake, umri wa miaka sita, unajipaka usoni. Sikuwasemesha, nilichelea mvuke usije ukatawanyika. Hadda aliingia akasema, "Bwana Larbi, maji yako yanaungua," na kweli yalikuwa yanaungua.

Nimemwita fundi akaondoa vioo vyote vya ule mlango. Kwa sasa inapita hewa, na paka wa Hadda.

Tena neno moja. Kama bado wanakutaka pale shuleni, baki. Nimelisema kwa sauti nikiwa peke yangu, na paa halikuanguka.

Baba yako


Algiers, 29 Mei 1986

Baba yangu,

Nakibusu kichwa chako, baada ya kukibusu kwa kweli wiki iliyopita. Umefika salama? Goti limelala baada ya siku nzima kwenye garimoshi? Bi Nassira amejipaka nusu ya chupa ya maji ya waridi uliyomletea, na sasa ukumbi wote unajua anakopita. Anauliza kama una kaka.

Jana nilikwenda shuleni. Niliwaambia ukweli wote: kwamba nashika sindano, lakini mshono mwembamba wa dhahabu sitauweza tena, pengine kamwe, na kwamba nikichoka vidole vinachanganya uzi na hewa. Mkuu wa shule akanisikiliza hadi mwisho, akasema, "Wasichana wangu wana vidole thelathini kila mmoja. Ninayemkosa ni mtu anayeijua kazi." Naanza Septemba. Nililia njiani, si kwa furaha peke yake. Mahameli niliyoigusa pale ilikuwa kama jina unalolijua na halitoki mdomoni.

Uliniuliza kwenye benchi kwa nini nilikaa miezi miwili bila kukujibu, nikakwambia mazoezi yalikuwa mengi. Si kweli. Nilikuwa na hasira, na hasira yangu ilitaka kwanza imalize maneno yake. Imebaki kidogo. Ikiisha nitakwambia, sitaki kukudanganya kwamba imekwisha.

Lakini mimi nami nina uongo wa kuungama. Siku uliyoingia chumba cha mazoezi bila kutuma habari, nilikuwa nimefungwa kitambaa machoni. Sikusikia mlango. Bi Nassira akauchukua mkono wako, akauweka kwenye vidole vyangu kama alivyokuwa ameweka kijiko na kifungo kabla yake, akaniuliza, "Na hiki ni nini?"

Nikasema, "Gome la mti." Chumba kizima kikaangua kicheko. Nikasema, "Soli ya kiatu." Nikasema, "Mkate wa juzi." Ukacheka hadi ukakohoa, na ndipo nikajifanya nimekutambua kwa kikohozi. Baadaye nilikusikia ukimwambia Bi Nassira kando, kwa huzuni, "Maskini, mkono wake bado. Haukunijua."

Mkono ulikujua, Baba. Ulikujua tangu kidole cha kwanza, na mkono wako ndio kitu cha kwanza duniani ulichokitambua wenyewe bila macho na bila kubahatisha. Nilikuwa nakosea makusudi. Kila nilipokosea, Bi Nassira alikuwa anasema, "Shika tena."

Binti yako,
Wahiba