Kutu Ndani ya Motere Uliyoninyima

Baba,

Leo sianzi kwa kukujulia hali. Nimekaa nyuma ya nyumba yetu ya Kalundu, mikono imechafuka mpaka viwiko, na motere yako ya mtumbwi iko mbele yangu, nimeifungua yote. Nimeona ndani. Ndiyo sababu nakuandikia, na naandika wazi ili kila mtu asome, kwa kuwa na wewe ulinifanyia lile jambo mbele ya watu.

Unakumbuka jinsi tulivyokuwa tukiilaza? Kila mwaka ulikwenda Nyakabere kulima mpunga, na motere ilibaki nyumbani mpaka mavuno. Kabla ya safari ulimwita Bahati, mdogo wangu, akiwa kwenye mpira ufukweni. Alijibu anakuja, hakuja. Basi ukaniita mimi niliyekuwa naanika ndagala, dagaa wetu wa ziwani, na Mama.

"Acha hizo ndagala, kuja hapa. Weye iko na mukono mwepesi."

Tuliisimamisha ndani ya pipa la maji, ukaiwasha, ukafunga njia ya esansi, yaani petroli, ukaniambia tungoje inywe yote iliyobaki. Ilikohoa, ikanyamaza. Ukafungua buji, ile plagi inayotoa cheche, ukanipa kikopo cha mafuta nimimine kidogo kwenye lile tundu.

"Motere ya mipigo miwili haina tumbo la kuweka mafuta," uliniambia. "Mafuta inakunywa pamoja na esansi. Siku haifanye kazi, ndani inabaki mukavu, na hewa ya ziwa iko na maji. Kutu inaingia bila kupiga hodi. Sasa vuta kamba, lakini usivute kama muntu anafukuza mwizi."

Nikavuta polepole, mafuta yakazunguka mpaka kwenye rulma, zile pete zenye vigololi zinazobeba mhimili. Ukarudisha buji. Tukaisimamisha juu ya mbao, mbali na sakafu, na Mama akatoa kitenge chake kikuukuu cha kuifunika. Nilipoleta turubai ulilitupa kando. "Plastiki inafungia jasho ndani," ulisema. "Chuma ikitoka jasho, inaoza."

Ulipokuwa Nyakabere, mimi ndiye niliyekuwa nikiivuta kamba mara kwa mara na kuiongezea tone la mafuta. Ukirudi na gunia lako la mchele, ulikuwa hata hujanawa miguu unakwenda kuiwasha. Ikiitika, ulicheka ukiniangalia. "Weye ndiye fundi wangu," ulisema, tena majirani wakisikia. Neno hilo nililibeba kama mtoto mgongoni, Baba. Leo nalishusha chini.

Maana siku ulipokuwa unaondoka duniani, nilikuwa nimekaa miguuni pako nakukanda. Bahati alikuwepo, na Baba Mudogo, ndugu yako, alikuwepo. Ulikuwa bado na akili zako zote. Ulisema, "Motere iko ya Bahati." Nikadhani sikusikia vizuri. Baba Mudogo akakuuliza, "Na huyu anayeijua?" Ukafumba macho ukajibu, "Mutoto mwanamuke ataipeleka mu nyumba ya bwana."

Bwana gani? Niliolewa, nikaachika, nikarudi kwenye nyumba hii hii, na wewe ulinipokea. Nilikuwa nauza samaki ufukweni na kuitunza motere yako. Ulijua. Ulijua nani anaijua na nani haijui, na bado ukachagua.

Sikulia mbele yako. Nilikukanda mpaka mwisho.

Mwaka huu serikali ilipofunga ziwa ili samaki wazaliane, nilikwenda kwa Bahati nikiwa na kikopo cha mafuta na ufunguo wa buji. Nikamkuta ameshailaza kwenye chumba cha nyuma, sakafuni, chini kabisa, esansi ingali ndani, ameizungushia turubai na kuifunga kwa kamba kama mbuzi wa sadaka. Ukutani maji ya ziwa yalikuwa yamepanda na kuacha alama yake. Nyumba nzima ilikuwa inanuka unyevu.

"Bahati, itaoza hivyo. Nipe nafasi, ni kazi ndogo."

"Dada, wacha. Motere iko yangu. Baba alisema."

"Basi uimwagie mafuta weye mwenyewe."

"Nitafanya."

Nilirudi tena, akaniambia amefanya. Nilirudi mara nyingine nikakuta kufuli mlangoni. Unaona, Baba? Kila mara alikutaja wewe. Neno lako ndilo lililokuwa kufuli.

Kisha Neema, mke wake, akaenda Makobola kwa mama yake kungoja kujifungua. Mvua ikanyesha juu milimani, mito ikashuka na mawe, barabara ikakatika. Asubuhi moja ikaja habari kwamba uchungu umemwanza na hauendi vizuri, mkunga wa huko anasema apelekwe hospitali huku kwetu Uvira. Njia iliyobaki ilikuwa maji.

Nilimwambia Bahati tuazime motere ya jirani. "Kwa nini niazime na niko na yangu?" Alishaibeba begani. Alivuta kamba mpaka shati likalowa. Ikawaka, ikatoa moshi mweupe, nikaingia mtumbwini kwa sababu Neema alikuwa anangoja na hapakuwa na wakati wa kugombana.

Nilikuwa naisikia njia nzima. Ndani mlikuwa na mlio kama wa mtu anayetafuna mchanga.

"Bahati, sikia. Rulma zinalia."

"Iko sawa, Dada."

Tulifika. Tukampakia Neema pamoja na mama yake, tukageuza. Tulipokuwa mbali na nchi kavu, upepo ukitujia usoni, motere ikapiga kelele moja kavu, ikasimama. Bahati alivuta kamba, kamba ikakataa. Niliweka mkono juu ya chuma, kilikuwa kinaunguza. Nikajua imekufa.

Mtumbwi ulikuwa na kasia moja. Bahati alipiga kasia, mimi nilipiga maji kwa ubao wa kukalia. Kila tulipouma meno tukasogea, upepo uliturudisha. Neema alikuwa amelala juu ya mbao zenye maji, kichwa kwenye mapaja ya mama yake. Alinishika kifundo cha mguu akasema, "Dada, anakuja. Minye siwezi kumuzuia tena."

Alikuja. Mvulana. Kitovu kilikuwa kimemzunguka shingo. Mama yake Neema alikiondoa, akampulizia mdomoni, akampiga mgongoni, akampulizia tena. Hakulia. Bahati alikuwa bado anapiga kasia, anauliza bila kugeuka, "Ni nini? Ni nini? Semeni!" Akaendelea kupiga kasia.

Tulipofika Kalundu, wapakuzi wa bandarini ndio waliomuona Neema akivuja damu. Waliingia majini wakambeba juu juu mpaka kwenye gari. Hospitalini walimwokoa. Muuguzi alimwangalia mtoto, akasema kitovu cha namna ile wanakikuta mara nyingi, na kama tungefika mapema wangejua la kufanya. Hakutulaumu. Sauti yake ilikuwa ya upole, na upole ule ndio ulioniua.

Baada ya mazishi niliichukua motere bila kumuomba mtu ruhusa. Nilitumia nyundo na kipande cha mti kuitoa pistoni. Silinda ina makovu mekundu. Vigololi vya rulma vimeliwa mashimo mashimo, vingine vimepasuka. Ni kutu tupu, Baba. Kitu ambacho kikopo kimoja cha mafuta kingezuia, katika mikono uliyoifundisha mwenyewe.

Nimemkasirikia Bahati, usidhani nimemsamehe. Lakini Bahati alirithishwa kitu asichokijua, akaambiwa kujua si lazima, kuwa mwanamume kunatosha. Aliyemwambia hivyo ni wewe.

Jana Baba Mudogo alikuja akanikuta katikati ya vyuma. Akasema familia imeona motere ikae kwake mpaka Bahati atulie moyo, maana marehemu aliacha neno. Nilikuwa nafungua mdomo, lakini Neema akatangulia. Tangu atoke hospitali, yeye na Bahati wanakaa hapa kwetu. Alitoka ndani akishikilia ukuta.

"Baba Mudogo, siku ile mu mutumbwi weye ulikuwa wapi?"

Mzee akainama.

"Minye nilikuwamo. Motere iko ya Dada. Neno la marehemu tulishalizika pamoja na mutoto wangu."

Bahati alikuwa amesimama mlangoni. Baba Mudogo alimtazama, akingoja amrudi mkewe. Bahati alifunika uso kwa mikono yote miwili, akasema, "Amesema kweli." Mzee akachukua kofia yake akaenda.

Kwa hiyo ni yangu, na si wewe uliyenipa. Kuna fundi hapa Kalundu atakayeichonga silinda, na rulma nitazitafuta. Ikipona nitaiendesha, na ikilala nitailaza mimi. Sitasema nilijifunza kwako. Wakiniuliza, nitasema nilijifunza, basi.

Mjukuu wako tumemlaza kando yako, hapakuwa na nafasi nyingine. Nakuomba umpokee vizuri, na akikuuliza kilichomleta huko, mwambie ukweli. Majani yameanza kuota pale. Jumamosi nitakwenda na jembe. Kaburi la mtoto nitalipalilia mimi, kila kona, mpaka udongo uonekane. La kwako nimemwachia mrithi wako. Akisahau, lala kwenye majani, Baba.

Ni mimi,
binti yako mkubwa