Picha Zenye Ukungu

Kinole, Jumapili asubuhi

Kaka Luqmani, shikamoo.

Ukungu umeshuka tangu alfajiri. Mikarafuu ya jirani siioni, naisikia tu ikidondosha maji. Mdalasini tumeshaumenya, uwani kote kunanukia. Mama anakusalimu.

Kwenye grupu la familia uliuliza mbona picha za Mama hazionekani vizuri, nikasingizia mtandao. Ukanielekeza nizitume kama dokumenti, zisipoteze ubora. Kaka, hilo nalijua siku nyingi. Kila picha nilikuwa naipitisha kwanza kwenye simu ya Shangazi Shamsia, ananirudishia, naituma tena, mpaka uso wa Mama unakuwa laini kama wa kwenye ndoto. Mwenyewe ndiye aliyeniomba: “Luqmani asinione nilivyokonda, ataacha kazi.”

Jana alijifunga kanga, ikamzunguka mara mbili na ncha ikabaki. Tukacheka wote, halafu mimi nikatoka nje.

Pamoja na barua hii nimekutumia picha moja kama dokumenti, kwako peke yako. Ikuze mpaka uone mishipa ya mikono yake. Usijibu kwenye grupu. Panda basi.

Mdogo wako,
Raya