Jina Lisionekane

Jumatatu, 3 Machi
Mvua tena hapa ofisini Mafiga. Kikao cha asubuhi, chai, kazi. Programu yetu inatulia: mkulima wa Mgeta anaandika mzigo wake kwenye simu, pikapu inajua ipite wapi. Kila baada ya wiki mbili tunapanda mlimani kuwauliza nini kibadilike. Tunatengeneza kidogo, tunarudi. Safari iliyopita waliomba majina yaonekane, kila mtu ajue anasafiri na nani. Nimeyaweka leo. Najisikia vizuri.

Alhamisi, 6 Machi
Mama Mwanahawa hajaagiza gari. Ndiye aliyewafundisha wenzake kutumia programu. Nimempigia, hapokei. Joel, kiongozi wetu, anasema mtumiaji mmoja si tatizo. Sijapenda.

Jumamosi, 8 Machi
Nimepanda Mgeta peke yangu. Tope tupu. Nimemkuta shambani, karoti zake zimeanza kupasuka ardhini. Shikamoo, marahaba. Nikamwuliza nini kimemkwaza. Kwanza aliangalia kama jirani yuko mbali.

Mume aliyeachana naye yuko Dumila, ananunua mboga, na programu anayo kama wanunuzi wengine. Zamani alikuwa akimpiga. Sasa anaona siku mama anayoshuka mjini na mahali anaposhukia. Jumanne mama alimkuta sokoni, amesimama anamsubiri. Wenzake walipoomba majina, yeye alinyamaza. Angesema nini mbele za watu?

"Mwanangu, programu naitaka," alisema. "Ila jina langu lisionekane. Na usiwaambie ni mimi niliyeomba."

Nimeshuka mjini. Tuliuliza kikundi. Yeye hatukumwuliza.

Jumatatu, 10 Machi
Siku mbaya. Msimbo wetu, yaani maandishi yanayoendesha programu, uko wazi kwa wote, na kila ombi huandikwa hadharani pamoja na sababu yake. Nimeandika: mkulima aweze kuficha jina. Kwenye sababu sikuandika kitu. Joel amekataa. Wakulima wenyewe walitaka majina, utaratibu ni utaratibu. Nimekasirika mpaka machozi. Nikimweleza, namsaliti mama. Nikinyamaza, kesho gari linashuka na yeye anabaki na karoti zinazooza.

Mchana Joel alikuja mezani kwangu.

"Kuna mtu anaogopa?"

Nikafuta machozi.

Akavuta kiti. Tumeanza kuyaficha majina, ya wote, ili asijulikane aliyeomba. Anayetaka lake lionekane atalifungua mwenyewe. Mtu wa kujitolea wa Mwanza, ambaye hatujawahi kumwona, akaipitia kazi yetu na kukuta jina bado linatokea kwenye ujumbe wa kuthibitisha safari. Bila yeye tungeharibu. Tumemaliza kabla ya magharibi. Kwenye sababu Joel ameandika mwenyewe: si kila mtu anataka ijulikane alipo.

Jumanne, 11 Machi
Kumekucha bila mvua. Pikapu imeshuka imejaa. Baadhi wamefungua majina yao, wengine wameacha. Kati ya mizigo kuna magunia ya karoti, mwenyewe hajulikani, yameshushwa salama. Mimi nina ruhusa ya kuingia ndani ya mfumo na kuangalia ni ya nani.

Sikuangalia.