Kamau Wawili Kwenye Kabati la Ramani

Baba yangu, huko ulikolala Njoro, kwenye shamba la kaka yako,

Nakusalimu. Kabla hujauliza: mama ni mzima, ng'ombe amezaa, na ule mlango wa jikoni bado haufungi. Mimi nina jambo limenikaa kooni miaka sita, na leo nalitema.

Unalikumbuka kabati la ramani kule karakana ya Sardar, nyuma ya reli? Utalisahau vipi, nawe ulikuwa mchoraji pekee pale Nakuru na ufunguo wake ulilala nao. Kila chuma cha mashine ya kupukuchua mahindi kilikuwa na ramani yake ndogo. Juu ya hizo zote kulikuwa na ramani moja kubwa, iliyobandikwa ukutani karakanani, ikionyesha mashine nzima. Hiyo uliiita Mama. Pembeni mwake uliandika orodha ya watoto wake. Fundi akitaka kukata chuma, alisoma jina kwa Mama, kisha alikuja kabatini kumtafuta mtoto.

Mtu mwingine angeweka namba. Wewe uliweka majina ya watu. Puli kubwa, lile gurudumu la ukanda, ilikuwa Njeri, chujio Wanjiru, na shafti ya kwanza uliyochora, ule mhimili wa kubeba puli, ukaiita Kamau. Ulipoichora upya ukaiita Njoroge. Ulipoichora mara ya tatu, mjukuu akachukua jina la babu yake kama desturi inavyotaka, na babu mwenyewe bado yuko hai kabatini! Sardar alikushauri uichome ile ya zamani. Ukamwambia mzee hachomwi. Basi mmoja akawa Kamau Mzee, na mwingine Kamau wa Njeri, kwa sababu ndiye aliyebeba ile puli.

Mimi nilikuwa nimetoka darasa la uchapaji na cheti changu na kiburi changu. Ulikuwa umembembeleza Sardar mwezi mzima anipe kiti ofisini, na alikubali kwa sharti moja: nikiharibu kitu, niende nyumbani siku hiyo hiyo. Ulipotumwa Naivasha siku tatu kupima pampu ya mtu, uliniachia ufunguo. Ukasema nipanguse vumbi tu.

Vumbi nilipangusa. Halafu nikaona aibu. Ofisi ya kisasa, na kwenye faili mna Wanjiru? Nikachukua wembe na kifutio, nikafuta majina yote, nikaandika namba moja mpaka arobaini na tatu kwa jinsi karatasi zilivyolala. Mwandiko wangu mzuri kabisa, na saba zangu zimekatwa tumboni kama mwalimu alivyotufundisha. Mama ukutani sikumgusa. Hata sikumkumbuka.

Kesho yake akaja Otieno, fundi wa kukata chuma, kuniambia jina alilosoma ukutani. Alitaka Kamau wa Njeri, na haraka, maana mashine ilikuwa inangojwa Rongai na kamati ya wakulima. Nikafungua kabati. Humo hamkuwa na Kamau wala Njeri, hamkuwa na mtu. Nikatoa shafti mbili zinazofanana kama mapacha. Badala ya kusema nimekoroga mambo, nikampa namba kumi na saba kwa uso wa mtu anayejua kazi. Baba, huyo alikuwa Kamau Mzee, mfupi kwa nusu inchi.

Ya Rongai uliyaona mwenyewe, umetoka moja kwa moja Naivasha kabla hujafungua kabati, lakini ngoja nikukumbushe, maana mpaka leo nikiwa peke yangu nacheka halafu naona haya. Mwenyekiti wa kamati amevaa kofia mpya. Mbuzi wa sherehe amefungwa kwenye mti. Sardar anawasha injini. Njeri akaanza kuyumba juu ya babu asiyeweza kumbeba, ukanda ukaruka, ukachukua kofia ya mwenyekiti na kuipeleka hadi kwa mbuzi. Mbuzi akakata kamba. Kamati nzima, na padri pia, wakamfuata mbuzi kwenye mahindi wakaiacha mashine inatapika magunzi. Tuliobaki ni Sardar, wewe, na mimi nimeshika daftari.

Ulifungua kifuniko, ukaitazama ile shafti, halafu ukanitazama mimi. Nilijua umejua. Ukaniambia polepole, kwa Kikuyu ili Sardar asisikie, "Umewabadilisha watoto majina bila kumwambia mama yao." Kisha ukamgeukia Sardar ukasema kosa ni lako, ulitoa ramani isiyofaa.

Alikuondoa mezani akakurudisha kwenye nyundo. Msimu mzima wa mvua, na mgongo wako ule. Jioni nilikuchua mgongo kwa dawa nikilia, na wewe ukinitania kwamba mkono wangu ni mzito kuliko nyundo yenyewe. Nilitaka kusema. Kila asubuhi niliapa nitasema leo, na kila asubuhi niliketi kwenye kiti changu nikachapa barua. Nilikuwa mwoga, baba. Hata ulipokwisha kurudishwa mezani, hata siku ya mazishi yako Sardar aliposhika udongo, sikusema.

Wiki iliyopita nilimwendea. Nikasimama mlangoni, nikamwambia yote, wembe na kifutio, na kwamba alimwadhibu mtu asiye na kosa. Hakushangaa. Alivuta droo akatoa ile karatasi namba kumi na saba, akaweka kidole kwenye saba yangu iliyokatwa tumboni.

"Miaka kumi na tano mimi naona mkono ya baba yako," akasema. "Hii saba si yake. Mimi najua siku ile ile ya Rongai."

Nikamuuliza kwa nini basi alikupeleka kwenye nyundo.

"Baba yako aliomba mimi nisijue. Mimi nikijua, wewe naenda nyumbani. Mimi nisipojua, lazima mtu moja ashike nyundo. Yeye akasema, Sardar, nyundo iko wapi?"

Kabati sasa ufunguo wake ninao mimi. Nimerudisha majina yote, na Mama ukutani nimemsomea moja moja kwa sauti, Otieno akinicheka. Kamau Mzee yumo. Hajachomwa.

Lala, baba. Mgongo upumzike.

Ni mimi binti yako Wairimu, mama wa yule mvulana wa pili anayeitwa kwa jina lako.